Mgonjwa wa Saratani Asiachwe Kitandani

Mgonjwa akirudi Nakivale kutoka hospitalini Mbarara, baada ya kutundikiwa dripu ya dawa za saratani, watu wa nyumbani humtandikia na kumwambia alale. Ni upendo huo, lakini ukipita kiasi humdhoofisha. Misuli isiyotumika hunyong'onyea, na uchovu wa saratani si kama ule wa shamba: hauishi kwa usingizi. Mwendo huupunguza.

Siku ya dripu na ya pili yake apumzike. Kisha aanze na dakika tano: mpaka kwa jirani na kurudi. Akizoea, aongeze. Mwongozo wa wataalamu uliotolewa mwaka 2019 unataja dakika 30, mara tatu kwa wiki. Anaweza kuzigawa kumi kumi. Kipimo ni pumzi: aweze kuongea, ila kuimba kumshinde. Anayeishi Nyamitanga asianze na kilima, atafute kwanza njia tambarare, asubuhi au jua likipungua.

Mama aliyepasuliwa titi mara nyingi huogopa kuinua mkono, na bega hukakamaa. Daktari akisharuhusu, asimame akitazama ukuta, vidole vipande juu polepole mpaka anapohisi kuvutwa bila maumivu. Mtu apige mstari wa mkaa pale vilipofika. Wiki ijayo mtaona wenyewe kama vimepanda zaidi. Jerikeni ya lita 20 bado si yake; achote kwa jagi.

Burudani nayo ni sehemu ya tiba, na hapa ndipo familia nyingi hukosea: humwondoa mgonjwa kwenye kwaya, hucheza bao la igisoro bila yeye, humnyang'anya kikapu alichokuwa akisuka, eti asichoke. Anabaki na mawazo tu. Mrudishieni. Akiimba ameketi, kifua kinapanuka na moyo unatulia. Wenye mafua au ugonjwa mwingine wa kuambukiza ndio wakae mbali naye, maana dawa hushusha kinga ya mwili.

Kama saratani imeingia kwenye mifupa, muulizeni daktari kwanza. Mazoezi yasimame akipata kizunguzungu, maumivu ya kifua, damu kutoka au mguu mmoja kuvimba, na apelekwe hospitali. Homa ya nyuzi 38 kwa aliye kwenye dawa hizi ni dharura: msimpe panado mkangoja kupambazuke. Tafuteni bodaboda usiku huohuo, na mwambieni mhudumu wa afya tangu mlangoni kwamba anatibiwa saratani.