Gia za Mkono au Otomatiki: Maswali na Majibu kuhusu Ununuzi wa Gari la Michezo Lililotumika

Gari la michezo ni gari la namna gani?

Katika makala haya, gari la michezo ni gari ambalo kiwanda kimelikusudia kumpa dereva kasi, wepesi wa usukani na uthabiti kwenye kona, hata likiwa na milango minne na nafasi ya mizigo, kwa hiyo Subaru Impreza WRX, Toyota Altezza na Volkswagen Golf GTI yanahesabiwa humo sawa na Mazda RX-8, Nissan Fairlady Z au Porsche 911. Mengi ya magari ya namna hiyo yanayoshushwa katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam hutoka Japani yakiwa yameshatumika. Nchini Kenya, gari lililozidi miaka 8 tangu kutengenezwa haliruhusiwi kuingizwa, na sharti hilo huamua mapema ni matoleo yapi mnunuzi anaweza kuyaagiza na ni yapi itambidi ayatafute kwa wamiliki waliomo nchini.

Je, tofauti iko katika namna ya kubadili gia tu?

Haiko hapo tu, na kudhani hivyo ndiko kunakowaponza wanunuzi wengi, kwa kuwa katika magari kadhaa ya Kijapani anayechagua giaboksi huwa amechagua pia injini, breki na difu, yaani seti ya meno inayogawa nguvu kati ya magurudumu. Altezza RS200, iliyoanza kuuzwa mwaka 1998, ilikuwa na nguvu za farasi 210 ikiwa na gia sita za mkono, lakini ilipofungwa otomatiki nguvu hizo zilishuka hadi 200. Pengo lilikuwa kubwa zaidi katika Mazda RX-8 ya mwaka 2003, gari lenye injini ya rotari, ambayo badala ya pistoni zinazopanda na kushuka hutumia vipande vya pembe tatu vinavyozunguka: toleo la gia sita za mkono lilitoa farasi 250, ilhali toleo la otomatiki ya gia nne lilipewa injini yenye matundu machache ya kuingizia hewa, iliyotoa farasi 210 na kukomea kwenye mizunguko michache zaidi kwa dakika. Nje, magari hayo mawili hayatofautiani kwa urahisi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Subaru. Kuanzia mwaka 2014 kampuni hiyo iliuza nchini Japani magari mawili yenye umbo karibu moja: WRX STI, ambayo namba yake ya chasisi huanza kwa herufi VAB, na WRX S4, inayoanza kwa VAG. La kwanza lina injini ya kizazi cha EJ20, farasi 308, gia sita za mkono na difu ya katikati ambayo dereva anaweza kuirekebisha kwa kitufe. La pili lina injini mpya zaidi ya FA20, farasi 300, na otomatiki ya aina ya CVT. Anayelipia S4 akitumaini kwamba amepata STI isiyo na klachi amenunua gari zuri, lakini si alilolikusudia. Herufi tatu za chasisi zingemwambia hayo kabla hajatuma fedha.

Otomatiki zote ni za aina moja?

La, na bila kujua aina yake neno hilo humsaidia mnunuzi kidogo sana. Ya kale na iliyoenea zaidi ni otomatiki ya konveta, yaani chombo cha mviringo kilichojaa oili ambacho hupokea nguvu ya injini na kuipeleka kwenye giaboksi kwa msukumo wa oili hiyo. Ni giaboksi yenye subira, ambayo mafundi wengi wa Afrika Mashariki wameizoea, ingawa zile za gia nne za miaka ya 1990 hulifanya gari lenye turbo lionekane zito kuliko lilivyo. CVT haina gia za hatua. Mkanda au mnyororo wa chuma hupita kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa, hivyo mwendo hubadilika bila mkato, jambo linaloifaa safari ya mjini kuliko dereva anayetaka kusikia injini ikipanda na kushuka.

Aina ya tatu ni giaboksi ya klachi mbili, ambamo klachi moja hubeba gia za witiri na nyingine gia za shufwa, ili gia inayofuata iwe tayari kabla ile inayotumika haijaachwa. Volkswagen iliiingiza katika Golf R32 mwaka 2003 kwa jina la DSG, Nissan GT-R ya mwaka 2007 ikatoka nayo bila kuwa na toleo lolote la gia za mkono, na Porsche ikaileta katika 911 mwaka 2008 kwa jina la PDK. Aina ya nne, ambayo sasa hukutwa katika magari yaliyotumika tu, ni giaboksi ya kawaida yenye klachi moja inayobonyezwa na pampu ya haidroliki badala ya mguu, kama SMG ya BMW M3 ya mwaka 2001. Hii ni ya kuepukwa na yeyote asiye na fundi aliyebobea, maana pampu yake ni ghali na baadhi ya wamiliki wake wamekata tamaa wakaibadilisha kuwa ya gia za mkono.

Ipi ina kasi zaidi?

Jibu limegeuka kadiri miaka ilivyopita. Kwa 911 Carrera S ya mwaka 2008, Porsche yenyewe ilitaja sekunde 4.7 kufika kilomita 100 kwa saa kwa gia za mkono na sekunde 4.5 kwa PDK. Hata hivyo Toyota 86 ya mwaka 2012, ambayo otomatiki yake ni ya konveta, huachwa nyuma na ndugu yake wa gia za mkono. Kwa gari litakalotembea barabarani na si uwanjani, tofauti hizo hazistahili kuwa sababu ya kununua.

Kwa nini gia za mkono zimekuwa adimu na ghali?

Tangu mwaka 1991 Japani imekuwa ikitoa leseni ya kuendesha otomatiki pekee, na vijana wengi wa huko wametosheka nayo, kwa hiyo viwanda viliendelea kupunguza matoleo ya gia za mkono mwaka hadi mwaka. Wakati huohuo sheria ya Marekani huruhusu gari la nje lisilokidhi viwango vyake liingizwe likitimiza miaka 25, na wanunuzi wa huko huyawania magari ya Kijapani ya miaka ya 1990 yenye gia za mkono, jambo lililopandisha bei ya Toyota Chaser, Mark II na Nissan Silvia hata katika minada ya Japani kwenyewe. Hata Porsche, iliyoitoa 911 GT3 ya mwaka 2013 kwa PDK pekee, ililazimika kuirudishia gari hilo gia za mkono mwaka 2017.

Afrika Mashariki soko ni tofauti kidogo: wapenzi wa magari hulipa zaidi kwa gia za mkono, lakini wapenzi hao ni wachache, na mwenye gari la namna hiyo anapotaka kuliuza kwa haraka hugundua kwamba wateja wengi wanaopiga simu huulizia otomatiki.

Karatasi ya mnada husaidiaje?

Karatasi ya mnada ni fomu ambayo mkaguzi wa mnada wa Japani huijaza kabla gari halijauzwa, na ndiyo hati yenye manufaa zaidi kwa anayeagiza gari asiloliona. Katika kisanduku cha gia huandikwa F5 au F6 kwa gia za mkono tano au sita zenye wenzo sakafuni, na FA au FAT kwa otomatiki ya sakafuni. Gari lililoandikwa FA ilhali kanyagio la klachi linaonekana pichani limebadilishwa giaboksi au lina karatasi isiyo yake. Alama R au RA katika kisanduku cha daraja huonyesha kwamba gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Kwa gari la michezo alama hiyo haitoshi kulikataa, lakini inatosha kudai maelezo.

Gari la gia za mkono likaguliwe vipi?

Ukaguzi uanze injini ikiwa baridi, na bonneti ipapaswe kabla ya kuwashwa, kwa kuwa muuzaji anayejua udhaifu wa gari lake hulipasha moto mapema. Gari likiwa limesimama bila gia, kelele inayosikika klachi inapokanyagwa huashiria beringi ya klachi, ilhali kelele inayopotea klachi inapokanyagwa hutoka ndani ya giaboksi, na gharama za matengenezo hayo mawili hazilingani hata kidogo. Barabarani, gia ya pili ndiyo shahidi wa kwanza: ikikwaruza wakati wa kuingia, sinkronaiza, yaani pete zinazolinganisha kasi ya meno kabla hayajaumana, zimelika, na gari la michezo lenye dalili hiyo limebadilishwa gia kwa pupa kwa muda mrefu.

Klachi inayoteleza hufichuka kwa jaribio rahisi. Gari likiwa katika gia ya nne kwa mwendo wa kilomita 50 hivi kwa saa, ekseleta ikanyagwe hadi chini. Sindano ya mizunguko ikiruka bila kasi kuongezeka, diski imekwisha. Kuibadilisha si balaa, ila mnunuzi aulize kwanza kama gari lina flaiwili ya vipande viwili, ambayo huunganishwa kwa springi ili kumeza mtikisiko wa injini, kwani hiyo ikichoka huweza kugharimu kuliko klachi yenyewe. Hatimaye gari lishuke mlima likiwa katika gia, ekseleta ikiwa imeachiliwa ghafla: gia inayochomoka yenyewe hapo haina mjadala.

Na la otomatiki?

Hapa pia baridi ndiyo kipimo. Wenzo unapohamishwa kutoka P hadi R, kisha D, gari liitikie ndani ya sekunde moja hivi bila kugonga. Likisita kwanza na kugonga baadaye, klachi za ndani zimechakaa au shinikizo la oili limepungua. Otomatiki ya konveta isikilizwe kwa mwendo wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa, ekseleta ikiwa imegandamizwa kidogo tu, kwa sababu mtetemo mfupi unaofanana na wa kupita juu ya barabara ya mabati hutokana na kufuli ya konveta inayoteleza. CVT inayolia kwa sauti nyembamba inayopanda sambamba na mwendo, si na injini, iogopwe.

Oili husema mengi pale inapoweza kupimwa. Nyekundu au kahawia hafifu ni ya kawaida. Nyeusi yenye harufu ya kuungua ni onyo. Na yenye rangi ya chai ya maziwa inaonyesha kwamba maji ya rejeta yamepenya, hivyo giaboksi haina siku nyingi. DSG ya gia sita iliyomo katika Golf GTI hutaka oili mpya kila kilomita 60,000, na mwuzaji asiye na risiti ya huduma hiyo achukuliwe kuwa hakuifanya. Otomatiki ya konveta, CVT na klachi mbili kila moja ina oili yake, na giaboksi nyingi nzima zimeharibiwa kwa kumiminiwa oili ya jirani.

Foleni na milima vinabadilisha hesabu?

Vinabadilisha. Klachi ya gari la michezo mara nyingi ni ngumu, na saa mbili za foleni ya Nairobi au Dar es Salaam humfanya hata shabiki atamani otomatiki, ingawa klachi mbili nayo huchemka pale dereva anapoliacha gari litambae sentimita kwa sentimita. Kwenye miteremko mirefu kama ya Kitonga mkoani Iringa au ya kuelekea Mai Mahiu, gia ndogo inayolizuia gari kwa nguvu ya injini huzipumzisha breki, na otomatiki yenye hali ya kuchagua gia huweza hilo pia, mradi dereva aitumie. Mwenye leseni ya Kenya ya daraja B1, ambayo ni ya gari dogo la otomatiki, ayamalize masuala ya leseni kabla ya yale ya gari.

Basi mnunuzi achague ipi?

Kwa gari lililotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 2000, gia za mkono ndizo zenye uzito wa hoja: otomatiki za wakati huo hulipunguzia gari uwezo, na giaboksi ya mkono huweza kufunguliwa na kufungwa upya na fundi wa kawaida mwenye makini. Kwa magari ya baadaye mizani hurudi katikati, na klachi mbili yenye risiti kamili za huduma ni bora kuliko gia za mkono zilizopitia mikono ya vijana watatu wa mashindano ya usiku. CVT katika gari la michezo inamfaa anayetaka umbo na nguvu kwa safari za kila siku. Anayetafuta uhusiano wa karibu na injini hataupata humo.

Je, otomatiki inaweza kubadilishwa iwe ya gia za mkono?

Inawezekana, na kwa Subaru hufanyika sana kwa vifaa vya nusu ya mbele ya gari lililokatwa Japani, lakini kazi haiishii kwenye giaboksi: kanyagio, propela, nyaya na kompyuta ya injini vyote huhusika. Jambo linalosahauliwa zaidi ni uwiano wa difu. Difu ya mbele ya Subaru imo ndani ya giaboksi, na ikiwa ya 4.11 ilhali ya nyuma imebaki 4.44, magurudumu ya mbele na ya nyuma hulazimishwa kwenda kwa kasi zisizolingana hadi difu ya katikati ichemke na kuungua. Gari lililobadilishwa kwa hiyo liendeshwe polepole juu ya lami kavu, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho. Likijikaza na kushtuka badala ya kuzunguka kwa ulaini, huenda difu mbili hizo hazilingani au ya katikati imeshaumia.