Maumivu Sugu na Hofu ya Kuizoea Dawa

Maumivu huitwa sugu yanapoendelea au kujirudia kwa zaidi ya miezi mitatu. Chanzo chaweza kuwa mgongo, magoti yaliyolika, kisukari kilichoharibu mishipa ya fahamu, saratani, au selimundu ambayo wengi huiita sikoseli. Mgonjwa anayeandikiwa dawa kali aghalabu huuliza kwanza: je, sitaizoea? Swali hilo ni la haki, ila neno “kuzoea” limebeba mambo matatu yasiyofanana.

La kwanza ni mwili kuizoea dawa hata kipimo kilekile kikapungua nguvu. La pili ni utegemezi wa mwili. Dawa za jamii ya afyuni, kama mofini na tramadoli, zikitumiwa kila siku kwa wiki kadhaa kisha zikakatwa ghafla, mtu hutokwa jasho, hutetemeka, huharisha na kukosa usingizi. Mitaani hali hiyo huitwa arosto, na kwa kuwa jina hilo limezoeleka kwa watumiaji wa heroini, mgonjwa akiipata hudhani naye amekuwa teja. Sivyo. Hata propranololi, dawa ya moyo, haikatwi ghafla, wala hakuna amwitaye mtumiaji wake mraibu.

La tatu ndilo uraibu wenyewe: kuitamani dawa kupita kiasi, kushindwa kujizuia, na kuendelea kuitumia ingawa inaharibu kazi, ndoa na afya. Kipimo kizuri ni kutazama maisha. Fundi cherehani ambaye kwa dawa amerudi kwenye mashine yake hafanani na yule ambaye kwa dawa ileile ameiacha.

Hapa ndipo wahudumu wa afya nao hukosea. Kijana mwenye selimundu hufika idara ya dharura usiku, akaomba mofini kwa jina na kutaja kipimo kinachomfaa. Mhudumu humtilia shaka, akampa parasetamoli. Kijana hulia kwa sauti zaidi, na shaka huongezeka. Lakini analijua jina la dawa kwa sababu ameugua tangu utotoni, kama mgonjwa wa kisukari anavyojua kiasi chake cha insulini. Maumivu yasiyotibiwa vya kutosha humfanya mtu aonekane mraibu. Inafaa yatulizwe kwanza, kwa kipimo sahihi na uangalizi wa upumuaji. Maswali mengine yana wakati wake.

Hatari ipo hata hivyo. Nchini Marekani, dawa hizi ziliandikwa kwa wingi tangu miaka ya 1990 kwa maumivu ya kawaida ya mgongo na viungo, na watu wengi walifariki. Kwa maumivu ya aina hiyo si chaguo la kwanza. Mazoezi ya viungo husaidia zaidi kwa muda mrefu. Zikichanganywa na pombe au dawa za usingizi kama diazepamu, zaweza kusimamisha pumzi. Tramadoli huweza pia kuleta degedege, hasa kwa mwenye kifafa.

Ajabu ni kwamba diklofenaki haiogopwi na mtu. Hununuliwa dukani, ikamezwa miezi mfululizo, nayo huweza kutoboa tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo kimyakimya. Kwa kuwa hailevi, hudhaniwa salama. Parasetamoli nayo isizidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Mwenye ugonjwa wa ini atahitaji pungufu ya hapo.

Anayetumia mofini apewe pia dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, kwani usingizi wa mwanzoni hupungua baada ya siku chache lakini choo kigumu hubaki. Chupa ifungiwe mbali na watoto. Anayetaka kuacha asiache peke yake: daktari hupunguza dozi kidogo kidogo kwa wiki au miezi, na dalili zikimsumbua, punguzo husimamishwa kwa muda, kisha huendelea pale lilipoishia.