Kutoka PDF hadi Slaidi: Hariri Wasilisho, Linda Takwimu

Mtendaji wa kata hupokea taarifa ya mapato na matumizi kwa WhatsApp, ikiwa katika PDF, jioni ya kuamkia kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata. Hawezi kubadili hata neno, na muda wa kuichapa upya hana. Hali hiyo huwakuta pia walimu, pamoja na vikundi vya wakulima wa parachichi na viazi mviringo wa Njombe na Makambako vinapoandaa maelezo ya miradi. Somo hili linaonesha namna ya kuigeuza hati hiyo kuwa slaidi bila gharama.

Kwa nini PDF haihaririki kirahisi

PDF ilibuniwa na kampuni ya Adobe mwaka 1993 ili hati ionekane vilevile katika kila kompyuta. Huhifadhi mahali pa kila herufi kwenye ukurasa, na mara nyingi haioneshi kipi ni kichwa na ipi ni safu ya jedwali. Zana ya kubadili hulazimika kukisia; ndiyo maana majedwali huvurugika.

Hatua za kufuata

1. Jaribu kuchagua neno moja ndani ya hati. Likikataa, hati hiyo ni picha ya karatasi: ipakie Google Drive, uifungue kwa Google Docs ili herufi zisomwe, kisha nakili maandishi kwenye slaidi.

2. Likikubali, ingia kwenye tovuti ya iLovePDF au Smallpdf, chagua kubadili PDF kuwa PowerPoint, pakia faili, kisha pakua matokeo. Ukiombwa namba ya kadi ya benki, acha.

3. Fungua matokeo kwa PowerPoint au Google Slides. Punguza maneno, slaidi moja ibebe hoja moja.

4. Linganisha kila tarakimu na hati ya awali. Shilingi 3,500,000 ikisomwa 8,500,000 mbele ya wananchi, kosa ni la zana, lakini atakayeulizwa ni mtendaji.

Kisichopaswa kupakiwa

Faili unayoipakia huondoka mikononi mwako, hata kama mwenye tovuti ameahidi kuifuta. Bajeti iliyokwisha kubandikwa kwenye mbao za matangazo haina siri. Orodha ya wanakikundi wanaoomba mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, yenye namba za NIDA, simu na saini zao, ni jambo jingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayezishika taarifa hizo azilinde. Hati ya namna hiyo ihaririwe kwa LibreOffice Draw, programu isiyolipiwa ambayo, ikishawekwa kwenye kompyuta, hufanya kazi bila intaneti.

Anayekwama amwone Afisa TEHAMA wa halmashauri yake, akiwa na hati ya awali mkononi. Slaidi nzuri huwasaidia wananchi kuelewa fedha zao zilivyotumika. Tarakimu sahihi ndizo huwafanya waamini.