Kibua Avuliwe Vizuri, Afike Nyumbani Akiwa Mbichi



Leo tunasoma habari za kibua. Wewe unayekaa pwani, samaki huyu unamjua. Mgongo wake ni wa kijani na buluu, tumbo lake jeupe linang'aa. Aghalabu urefu wake ni kiasi cha sentimita 25. Ni wa jamii moja na nguru na jodari, ila hao ni wakubwa zaidi.

Swali letu ni hili: kwa nini mtu ale kibua mchana asipate neno, halafu jioni ale mwingine wa kapu lile lile, augue? Tusome, jibu tutalipata.

WAKATI WA KUVUA

Wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, jua ni kali lakini bahari imetulia kuliko wakati wa kusi. Hata asiye na chombo anaweza kuvua akiwa amesimama gatini au mwambani. Nenda alfajiri, au jua linapokaribia kutua, maji yakiwa yanajaa.

Kwanza tazama maji. Kibua hutembea kwa makundi, naye hula vijidudu vidogo mno vinavyoelea. Ukiona maji yanatetemeka kama yanayonyeshewa manyunyu, na ndege wa baharini wanazunguka hapo, basi kundi limefika.

MSHIPI WAKE

1. Funga chubwi mwishoni mwa mshipi.
2. Juu ya chubwi funga vipande vinne vya mshipi mwembamba, kila kimoja urefu wa kidole. Kati ya kimoja na kingine acha shubiri mbili.
3. Kila kipande kipe ndoana ndogo. Chambo ni kipande cha kamba, au funga unyoya mdogo mweupe wa kuku.
4. Tupa, acha izame kidogo, kisha vuta kwa kushtua-shtua.

Usivue kwa baruti wala kwa juya la kukokota ufukweni. Vyote viwili sheria inavikataza, na sababu ipo. Baruti huvunja matumbawe ambayo ni nyumba ya samaki. Juya huzoa hata vitoto ambavyo vingekuwa samaki wa mwakani.

KAZI INAYOBAKI

Wengi hudhani samaki akishatoka majini kazi imekwisha. Siyo hivyo. Katika mashavu na matumbo ya kibua mna vijidudu vya maradhi visivyoonekana kwa macho. Samaki akikaa kwenye joto, vijidudu hivyo huzaana upesi na kuifanya nyama itoe sumu iitwayo histamini.

Hapo ndipo penye hatari. Sumu hii haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kugandisha. Tena samaki anaweza kuonekana mzuri na asinuke. Basi jibu la swali letu ni hilo: yule wa mchana alikuwa bado mbichi, yule wa jioni alishinda juani.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Mara tu ukimtoa kwenye ndoana, mweke kivulini chini ya gunia lililoloweshwa. Usimtie katika mfuko wa nailoni juani.
2. Toa mashavu na matumbo, umwoshe kwa maji safi.
3. Mtie kwenye barafu. Kilo 1 ya samaki itake kilo 1 ya barafu. Tandika barafu chini, panga samaki, funika kwa barafu tena. Chombo kiwe na tundu la kutolea maji.
4. Kama barafu hakuna, mpike upesi, au mpasue, mtie chumvi na umwanike awe ng'onda. Lakini kumbuka, chumvi haimponyi samaki aliyekwisha kuharibika.

DALILI ZA MWENYE KUDHURIKA

Dalili huanza baada ya dakika chache au saa chache. Mdomo huwasha kama aliyekula pilipili, uso huwa wa moto, kichwa huuma, mwili hutoka vipele, moyo hwenda mbio. Wengine hutapika na kuharisha. Mpeleke zahanati, na akipata shida ya kupumua mkimbize bila kukawia. Samaki aliyebaki mfukie. Asiliwe na mtu wala paka.

Mnunuzi naye ana haki ya kumwuliza mchuuzi: "Samaki hawa wametoka majini saa ngapi, na wamelazwa wapi?"

MASWALI

1. Kwa nini kumkaanga sana samaki aliyeshinda juani hakusaidii?
2. Una kilo 12 za vibua. Utahitaji barafu kilo ngapi?
3. Umepata barafu kilo 7 tu. Kilo ngapi za samaki utazipika au kuzitia chumvi siku ile ile?

Ukimaliza kusoma, msomee na jirani yako anayeuza samaki.