Jina la Jimbo Liandikwe Mara Ngapi?

Swali: Katika hifadhidata ya mizigo ya reli hapa Kamina, je, jina la jimbo liandikwe kwenye kila mstari?

Jibu: Lisiandikwe. Nadharia ya Edgar F. Codd, iliyochapishwa mwaka 1970, hupanga data katika majedwali yanayounganishwa kwa ufunguo, yaani alama isiyojirudia inayotambulisha kila mstari. Nao unomalishaji, yaani kugawa majedwali ili kila jambo lihifadhiwe mahali pamoja, hutaka jedwali la mizigo libebe alama ya kituo tu, na jedwali la vituo litaje jimbo. Jimbo la Katanga lilipogawanywa mwaka 2015 na Kamina kuwa makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, kurekebisha mstari mmoja kungetosha; penye marudio, mstari mmoja uliosahaulika ungeuweka mji huohuo katika majimbo mawili.