Anwani ya Mtandao Uliyoikodi Katika Wingu: Haki na Wajibu wa Mtumiaji

Lori linalotoka bandari ya Dar es Salaam kuelekea Lusaka, Ndola au Lubumbashi halivuki Tunduma mpaka nyaraka zake zioneshe mzigo ni wa nani, umetoka wapi na unapelekwa kwa nani. Tangu kituo cha pamoja cha ukaguzi cha Tunduma na Nakonde kilipozinduliwa tarehe 5 Oktoba 2019, gari husimama kukaguliwa mara moja, katika nchi linakoingia. Nyaraka nyingi hutangulia kwa njia ya intaneti kabla lori lenyewe halijafika. Kwa sababu hiyo si ajabu tena kwa wakala wa forodha wa Tunduma, msafirishaji wa Vwawa au mnunuzi wa kahawa wa Mbozi kukodi kompyuta iliyo mbali, katika kile kinachoitwa wingu, ili wateja wake waweze kutuma hati na kufuatilia mizigo yao saa zote.

Mteja anapokodi huduma ya namna hiyo huoneshwa tovuti yake na kupewa nywila. Ni nadra kuelezwa kwamba amekodi pia anwani ya mtandao, kwamba anwani hiyo ina kodi yake, na kwamba programu ya kompyuta inaweza kuiomba, kuihamisha au kuiachia pasipo mtu yeyote kutia saini. Sehemu hii ya kijitabu inamhusu mteja huyo.

Anwani hiyo ni nini

Kibao cha namba kilichobandikwa kwenye nyumba wakati wa Operesheni ya Anwani za Makazi mwaka 2022 humwelekeza mgeni mlangoni. Kompyuta iliyounganishwa na intaneti nayo ina namba inayofanya kazi hiyo, ambayo mafundi huiita anwani ya IP. Namba za mfumo wa zamani huandikwa kwa mafungu manne yanayotenganishwa kwa nukta, na kila fungu huanzia 0 na kuishia 255. Ukizihesabu zote unapata 4,294,967,296, idadi iliyo ndogo kuliko ya watu waliopo duniani. Mafungu ya mwisho ya akiba ya dunia yaligawiwa Februari 2011 kwa taasisi tano za kanda. Taasisi ya Afrika ni AFRINIC, yenye makao yake Mauritius.

Uhaba huo umezaa njia za kubana matumizi. Kifaa cha intaneti kilichopo dukani au nyumbani kwako hugawa anwani za ndani, nyingi zikianza na 192.168, ambazo mamilioni ya nyumba nyingine huzitumia pia. Kila nyumba ya wageni ina chumba namba 3, na anayekitafuta kutoka nje hafiki asipojua jina la nyumba. Kampuni za simu nazo huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Anayevinjari tu hapungukiwi na kitu kwa utaratibu huo, lakini anayetaka kupokea wageni kutoka nje ni lazima awe na anwani ya umma, iliyo yake peke yake kwa muda wote anaoikodi.

Upo mfumo mpya wa anwani, IPv6, wenye namba nyingi kiasi cha kutosha vizazi vingi. Mteja ambaye mtandao wake haujaanza kuutumia hawezi kukufikia kwa anwani hiyo pekee, kwa hiyo anwani za zamani bado ni bidhaa yenye bei.

Kodi isiyolala

Amazon, mmoja wa wauzaji wakubwa wa huduma za wingu duniani, alianza tarehe 1 Februari 2024 kutoza dola 0.005 za Marekani kwa saa kwa kila anwani ya umma ya mfumo wa zamani, iwe inatumika au imekaa bure. Kwa mwezi wa siku 30 hizo ni saa 720, sawa na dola 3.60, kwa mwaka ni dola 43.80. Kwa anwani moja fedha hiyo haimtishi mfanyabiashara. Anwani kumi zilizosahauliwa na fundi aliyekuwa akifanya majaribio zitagharimu dola 438 kwa mwaka, na zitakatwa kwenye kadi ya mwenye biashara kimyakimya, mwezi baada ya mwezi.

Ankara za huduma hizi huandikwa kwa lugha ya kitaalamu, na wengi huzilipa bila kuzisoma. Tunakushauri utafute humo mstari unaohusu anwani za umma, kisha umwombe fundi wako akutajie, kwa maandishi, kila anwani inayolipiwa inafanya kazi gani. Asiyeweza kukujibu hilo kwa siku moja huenda hajui alichokukodishia.

Dirisha lisilo na karani

Fundi anaweza kuomba anwani kwa kubofya kwenye ukurasa wa mtoa huduma. Anaweza pia kuandika programu inayoiomba kwa niaba yake kupitia kiolesura cha programu, ambacho mafundi hukifupisha API. Kiolesura ni kama dirisha la ofisi: programu hupeleka ombi lililoandikwa kwa utaratibu maalumu, huonesha kitambulisho, na hupewa jibu. Tofauti na dirisha la ofisi, nyuma ya hili hakuna karani wa kuuliza, “Una hakika?” Ombi likiwa sahihi na kitambulisho kikikubalika, jambo hutendeka papo hapo. Ndiyo faida yake, maana seva iliyoharibika usiku wa manane inaweza kubadilishwa na programu ikaihamishia anwani ileile seva nzima, na dereva aliyeko foleni mpakani asijue kwamba kulikuwa na tatizo.

Katika huduma ya Amazon tuliyoitaja, amri za msingi za anwani ya kudumu ni nne: kuiomba, kuiambatisha na seva, kuitenganisha na seva, na kuiachia. Mwenye fedha yake anapaswa kuijua vizuri tofauti iliyopo kati ya hizo mbili za mwisho. Kutenganisha ni kutoa samani ndani ya chumba huku mkataba wa pango ukiendelea. Kodi inahesabiwa kama kawaida. Kuachia ndiko kurudisha ufunguo kwa mwenye nyumba. Kuzima seva peke yake hakuachii anwani ya kudumu. Aidha, anwani huwa ya eneo moja la mtoa huduma, na ukurasa wa anwani huonesha eneo moja kwa wakati. Anwani iliyoombwa katika eneo la Cape Town haitaonekana kwa anayetazama eneo la Ireland. Kwa kawaida akaunti huruhusiwa anwani tano za kudumu kwa kila eneo mpaka mteja aombe kuongezewa, na kikomo hicho kimewaokoa baadhi ya wateja na hasara kubwa zaidi.

Kitambulisho kinachooneshwa dirishani ni ufunguo wa siri, yaani mfuatano mrefu wa herufi na namba. Watu wengi huufananisha na namba ya siri ya pesa za simu. Mfano huo unafaa, ila namba ya siri hukaa kichwani mwa mwenyewe, wakati ufunguo huu mara nyingi huhifadhiwa ndani ya faili la programu, na faili hunakiliwa, hutumwa kwa WhatsApp, au huwekwa kwenye hifadhi ya wazi ya mafundi mtandaoni. Kuna programu za wezi zinazopekua hifadhi hizo saa zote zikitafuta funguo. Mwizi akiupata wenye mamlaka yote anaweza kuwasha seva nyingi kwa kazi zake, na ankara itakuja kwako. Kwa hiyo funguo zigawanywe: programu ya kuhamisha anwani ipewe ruhusa ya kuhamisha anwani tu, bila uwezo wa kuwasha seva mpya wala kufuta kumbukumbu. Ufunguo mkuu wa akaunti ubaki kwa mwenye biashara, ukisajiliwa kwa barua pepe yake na namba yake ya simu. Fundi akiondoka kazini, funguo zake zifutwe siku hiyohiyo, hata kama mmeachana kwa wema.

Mlango uliofunguliwa kwa dunia nzima

Kiolesura kilekile huamua ni anwani zipi za nje zinazoruhusiwa kuingia kwenye seva. Tuchukue mfano wa kubuni wa kampuni ya uwakala wa forodha yenye wafanyakazi sita. Fundi ameweka utaratibu mzuri: sehemu ya kuhifadhi hati za wateja inafunguka kwa anwani ya ofisi ya Tunduma pekee. Karani anavuka kwenda Nakonde, anatumia laini ya Zambia, na mfumo unamkataa kwa kuwa anwani yake sasa ni ya mtandao wa Zambia. Kesho yake anatumia laini nyingine, na anwani imebadilika tena. Simu za malalamiko zinamchosha fundi. Anaandika kanuni mpya: 0.0.0.0/0. Karani anaingia bila shida, kila mmoja anashukuru, na suala linasahaulika.

Kanuni hiyo fupi maana yake ni anwani zote za mfumo wa zamani, yaani dunia nzima. Hati za mizigo, nakala za pasipoti za madereva na taarifa za malipo sasa zimebaki na kinga ya nywila peke yake. Kwa mji ambao watu hubadili laini kadiri wanavyovuka barabara, kishawishi hiki ni kikubwa kuliko mahali pengine, nasi tunaona ni vema kulitaja waziwazi kuliko kurudia ushauri wa jumla kuhusu nywila imara.

Njia iliyo salama ni wafanyakazi walioko nje kupitia kwanza lango moja la faragha, VPN, lenye anwani isiyobadilika, na seva iruhusu anwani ya lango hilo tu. Kampuni inayochagua njia hiyo ikumbuke tangazo la Mamlaka la Oktoba 2023, lililowataka wanaohitaji VPN kwa shughuli zao kutoa taarifa Mamlaka, pamoja na anwani ya IP inayohusika.

Jina linapobaki nyuma

Wateja hawakariri namba, wanakariri jina. Jina la kikoa, kwa mfano linaloishia na .co.tz, huwa na rekodi inayosema: anayelitafuta jina hili aende kwenye anwani fulani. Jina hulipiwa kwa msajili, anwani hukodiwa kwa mtoa huduma za wingu, na wawili hao hawapeani habari.

Kampuni yetu ya mfano inaamua kupunguza gharama. Fundi anaiachia anwani ya zamani kwa amri moja, lakini anasahau rekodi ya jina. Anwani inarudi kwenye akiba ya mtoa huduma na baadaye inapewa mteja mwingine, popote alipo duniani. Msafirishaji wa Lubumbashi anaandika jina lilelile alilozoea, na anafikishwa kwa mgeni. Mgeni huyo akiwa mwovu anaweza kuweka ukurasa unaofanana na ule wa zamani na kupokea hati na fedha. Anaweza hata kupata cheti cha usalama kwa jina lako, kwa sababu baadhi ya watoaji wa vyeti huthibitisha umiliki kwa kuangalia nani anayejibu kwenye anwani ambayo jina linaelekeza. Alama ya kufuli ambayo tumewafundisha watumiaji kuitazama itaonekana kama kawaida.

Mpangilio wa kazi ndio kinga. Kwanza rekodi ya jina ibadilishwe au ifutwe. Kisha fundi asubiri muda wa kumbukumbu uliowekwa kwenye rekodi uishe, unaoweza kuwa dakika chache au siku nzima, kwa kuwa mitandao mingine huendelea kutumia jibu la zamani. Ndipo anwani iachiwe. Programu inayofanya kazi hii kupitia kiolesura iandikwe kwa mpangilio huohuo, na ikatae kuiachia anwani yoyote ambayo bado kuna jina linaloielekea.

Unapoingia mkataba na unapolalamika

Mkataba na fundi au kampuni ya kompyuta utaje mwenye akaunti, mwenye jina la kikoa na mwenye anwani, na uwe na tarehe ya kukabidhi orodha ya anwani na funguo zote. Kama unakusanya taarifa za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakuhusu wewe. Kumkabidhi fundi kazi hakuhamishi wajibu huo. Sheria hiyo imeweka pia masharti ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi, jambo linalotokea pale seva yako inapokuwa Cape Town au Ulaya.

Lalamiko dhidi ya mtoa huduma za mawasiliano mwenye leseni ya Tanzania huanzia kwa mtoa huduma mwenyewe. Usiporidhika na jibu, lilete Mamlaka; kwa wakazi wa Songwe ofisi ya karibu ni ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini, Mbeya. Njoo na nakala ya mkataba, ankara za miezi inayolalamikiwa, anwani zinazohusika zikiwa zimeandikwa kwa tarakimu zote, na kumbukumbu ya amri zilizopita kwenye kiolesura. Kumbukumbu hiyo huonesha ni ufunguo gani uliotumika, saa ngapi, kuomba nini. Watoa huduma wengi huihifadhi kwa muda maalumu tu, hivyo mwagize fundi wako aipakue mara unapoona tatizo.