Mtoto wa Kutumwa na Mashine ya Kujibu: Neno "Akili" Kuanzia Bibokoboko

Makala haya yanahusu neno moja ambalo kila msomaji wa jarida hili analijua, yaani akili. Swali ni hili: tunapolibandika neno hilo kwenye mashine, tunabandika maana yake ipi? Nimelichunguza kuanzia Bibokoboko, milimani juu ya mji wa Baraka, huko Fizi, Kivu Kusini. Mtu wa huko huligusa wazo hilo katika lugha kadhaa kwa siku moja: Kibembe au Kinyamulenge nyumbani, Kiswahili sokoni, Kifaransa darasani, Kilingala kwa askari na kwenye muziki. Wakazi wengi walikimbia mashambulizi ya Oktoba 2021, kwa hiyo mazungumzo yangu na watu wa Bibokoboko yalifanyika Baraka.

Tuanze na umbo. Akili imetoka katika Kiarabu, na mzizi wake wa huko unahusu kufunga, hasa kumfunga ngamia mguu asitoroke. Akili, basi, ilikuwa kamba kabla ya kuwa taa. Katika Kiswahili neno limeingia ngeli ya N, na hapo likapata uhuru wa ajabu: tunasema "akili yake" na pia "akili zake", na methali inasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kinyamulenge kina ubwenge, lenye kiambishi bu- cha majina ya dhahania, na halina wingi. Huwezi kuzigawa "bwenge" kwa watu kama nywele. Kilingala kina mayele, lenye ma- ile ya vitu visivyohesabika kama mai, yaani maji. Sidai kwamba ngeli inaamua jinsi mtu anavyofikiri. Madai hayo yamewaponza wengi kabla yangu. Lakini maana zenyewe zinatofautiana. Mtu wa mayele anaweza kuwa mwerevu, na anaweza pia kuwa yule atakayekuuzia mbuzi mgonjwa. Maana hiyo imevuja hadi Kiswahili chetu cha Kivu, ambako mtu husifiwa na kushukiwa kwa neno lilelile.

Mzee mmoja aliyehamia Baraka nilimwuliza mtoto mwenye akili ni yupi. Akajibu: "Mwanangu, mutoto wa akili ni ule unatuma, anaenda, anarudi na jibu." Hakutaja hesabu wala kusoma.

Jibu lake si la Fizi peke yake. Robert Serpell, aliyefanya utafiti kwa miaka mingi mashariki mwa Zambia na kuchapisha kitabu chake mwaka 1993, alikuta kwamba nzelu ya Wachewa ina pande mbili: -chenjela, yaani uerevu, na -tumikila, yaani kuaminika unapotumwa. Uerevu bila kutumika haukusifiwa. Mwanaisimu hawezi kupita hapo bila kusimama: -tumikila na -tumikia yetu ni ndugu wa damu, zote kutoka -tuma, mzizi uliotupa mtume, mtumishi na mtumwa. Huko Kenya, Wakipsigis waliozungumza na Sara Harkness na Charles Super walitofautisha ng'om ya nyumbani na ng'om ya shuleni. Wajaluo nao, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, walikuwa na rieko kwa ujuzi na uwezo, lakini wakaweka kando yake luoro, yaani heshima na uwajibikaji. Na huko Buganda, Mallory Wober aliandika mwaka 1974 kwamba wanakijiji walihusisha akili na utulivu na mwendo wa polepole. Mtu wa kujibu haraka haraka hakuwa mfano wao.

Shule ilikuja na kipimo kingine. Jaribio la Binet na Simon la mwaka 1905, huko Paris, lilikusudiwa kutambua watoto waliohitaji msaada darasani. Baadaye likazaa tabia ya kumpa mtu namba moja ya akili. Kwetu namba hiyo inatoka katika mtihani wa kitaifa wa mwisho wa shule ya msingi, unaofanywa kwa Kifaransa. Fikiria mtoto aliyelelewa na ng'ombe, anayetenganisha kwa mbali bihogo (hudhurungi iliyoiva), gaju (hudhurungi nyepesi) na gitare (mweupe), na anayejua ndama huyu ni wa ng'ombe yule. Anafika Baraka akiwa mkimbizi, anakaa darasani, anaulizwa kwa Kifaransa, ananyamaza. Kinachosemwa juu yake ni "hana akili", sentensi ambayo wazazi wake wangeitumia kwa mtu mwenye wazimu au asiye na adabu. Huko Usenge, kando ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya, Sternberg na wenzake walichapisha mwaka 2001 jambo linalofaa kukumbukwa hapa: watoto waliojua zaidi dawa za miti walielekea kupata alama za chini katika majaribio ya msamiati. Wakati wa mtoto ni mmoja, na jamii huamua utumike wapi.

Sasa mashine. Jina lake la Kiingereza lilitungwa na John McCarthy na wenzake katika ombi la fedha la mwaka 1955, kwa ajili ya mkutano wa Dartmouth wa mwaka uliofuata. Sisi tumelitafsiri kwa namna tatu. Akili bandia inaiweka mashine pamoja na noti bandia na dawa bandia, kana kwamba kosa lake ni kughushi. Akili mnemba, inayotumika zaidi Tanzania, haiamshi picha yoyote kwa msikilizaji wa Baraka. Akili unde inasema jambo moja la kweli: kitu hiki kimeundwa.

Lakini tatizo langu ni neno la kwanza, si la pili. Tuipime mashine kwa maneno yanayoandamana na akili. "Ina maarifa": inapita. "Ina ujanja": inapita. "Imerukwa na akili": inachekesha. "Ina busara": inakwama. "Ina adabu": inakwama kabisa, hata kama inasema tafadhali. Kinachobaki ni -chenjela ya Wachewa bila -tumikila. Programu hizi za mazungumzo hujifunza kutoka katika maandishi mengi mno kipande gani cha neno kinaelekea kufuata kingine. Niliiuliza moja kuhusu Bibokoboko. Ikanipa aya safi kabisa ya Kiswahili, yenye mto ambao haupo. Nilimsomea yule mzee. Akasema: "Hii haikufika."

Ndivyo ilivyo: imetumwa, haikwenda, imerudi na jibu. Na si ajabu, kwa sababu njia yenyewe haijachongwa. Watafiti wa Masakhane walipotoa mwaka 2021 data yao ya kutambua majina katika lugha 10 za Afrika, Kiswahili na Kinyarwanda vilikuwamo. Kibembe na Kinyamulenge havikuwamo. Mtoto wa Bibokoboko atakayeanza kuiuliza mashine badala ya mwalimu atajibiwa kwa ufasaha kuhusu Paris na kwa uzushi kuhusu kwao, tena kwa sauti ileile ya uhakika, na hatakuwa na njia ya kutenganisha.

Kwa hiyo katika orodha ya istilahi tunayoandaa kwa ajili ya somo la tafsiri, ninapendekeza tuandike akili unde, na mbele yake tuongeze mfano wa matumizi. Mifano iliyopo sasa kwenye rasimu inasema mashine "inafikiri" na "inaelewa". Mimi ningeandika "inajibu". Walio na kitenzi bora zaidi walete kabla rasimu haijapelekwa kwa mhariri, na wanaozungumza Kibembe nyumbani waanze wao.